Mtungi wa Saba

Lushombo alipanda juu kabla ya muda wake.
Tulikuwa Kituku, siku ya tatu ya kuwatafuta
watu wa ile boti ya maharage iliyopinduka usiku,
na wanawake wamekaa juu ya mawe meusi
wakihesabu mapovu yake
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Mapovu yakasogea. Kikatoka kichwa.
Alikuwa anacheka.
Midomo myekundu kama tunda damu lililopasuka,
akaniita kwa jina la dada yake,
kisha akatapika juu ya mapezi.

"Mazuku," mtu akasema,
na neno likapita mkono kwa mkono hadi barabarani,
kwa wasukuma chukudu, kwa wauza sambaza,
maana sisi wa Goma tunajua hewa ina meno.
Tumezika mbuzi waliolala bondeni wakiwa wazima.
Tunajua mtoto hashushwi mgongoni penye shimo
kabla kiberiti hakijawaka.
Ziwa nalo lina gesi yake chini, halijawahi kuificha.
Kwa hiyo kesi ilikwisha palepale:
mshtakiwa mlima, shahidi ziwa.
Nami nikaitikia.
Ndiyo, nikasema. Mazuku.

Usiku nikafunga mlango wa karakana.
Nikatandaza kitambaa cheupe, kile cha kipaimara changu,
mbele ya mdomo wa mtungi, nikafungua kidogo.
Ukatoa pumzi kama mlevi usingizini.
Doa likaja polepole, kijivu, lenye mafuta,
na harufu ya sufuria inayoungua nyumba ya pili.
Nikang'oa vali kwa spana,
nikashusha balbu ndogo kwa waya wake.
Nani huwa anatazama ndani ya mtungi?
Nje umepakwa njano, una namba, una tarehe.
Ndani, kutu laini kama unga wa ulezi,
na chini kabisa maji ya kahawia, kijiko kimoja.
Kijiko cha chai. Nilikipima.

Kutu na maji ni uzembe wa miaka,
vinasubiri, havina haraka na mtu.
Lakini moshi ule ulikuwa wa Jumanne.
Jumanne umeme ulikatika, mvua ikaja ya upande,
nikalisogeza jenereta chini ya paa lisilowe,
hatua mbili tu,
karibu na bomba ambalo kompresa inavutia hewa.
Hatua mbili. Nililihurumia jenereta.
Mitungi sita ilijaa kabla upepo haujageuka.
Wa saba niliujaza huku nakunywa chai.

Kahambu, nikajiambia, mlima hauna spana.

Asubuhi nikaubeba begani hadi Himbi.
Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kitambaa chenye maji kichwani.
Nabintu mkewe akaniletea kiti, sikukikalia.
Nikasema yote, pamoja na ile chai.
Hakunifokea; ingekuwa nafuu.
Aliugonga mtungi kwa kidole, akausikiliza,
akaniuliza kama kile kijiko bado ninakitumia.

Kituku bado wanasema mazuku.
Nimewasahihisha mara nne;
wananitazama kwa huruma, kama mfiwa anayejilaumu,
wananipunguzia bei ya samaki.

Bomba sasa nimelipandisha juu ya bati,
limefungwa kwenye mlingoti wa antena ya jirani,
na jenereta linalowa. Lilowe.

Jana mlango ukagongwa kwa chuma.
Lushombo, mtungi wa nne kwapani, mtupu.
Watu wawili wa ile boti hawajaonekana bado.
Hakusalimu. Alilamba kidole, akakiinua mlangoni.
"Leo upepo unatoka wapi?"

Nilijua. Nilikuwa nimeuangalia tangu alfajiri.
Hata hivyo, kabla ya kumjibu,
nikatoka nje kuuangalia.